Lori likichemsha njiani, rejeta isihukumiwe kabla ya kuchunguzwa

MSIMU wa kuuza pamba unapofunguliwa kuanzia mwezi Mei, malori kuukuu ambayo sehemu kubwa ya mwaka hubeba mchanga, mawe na matofali hugeuka kuwa tegemeo la wakulima wa Bunda, Butiama na Musoma. Malori hayo hayo ndiyo huchukua mahindi, mihogo, nyanya na ng’ombe kutoka vijijini, na dagaa kutoka mialoni, na kuvifikisha sokoni.

Kata ya Buswahili, wilayani Butiama, ni miongoni mwa maeneo ya mkoa wa Mara ambako mazao hayawezi kulifikia soko la mjini bila gari. Mkulima wa huko anaweza kulima vizuri, akapalilia kwa wakati na kuvuna vya kutosha, lakini kipato chake kikaamuliwa na lori ambalo si lake, lililotengenezwa pengine kabla mtoto wake wa kwanza hajazaliwa.

Ndiyo maana kuharibika kwa rejeta si jambo la dereva na fundi peke yao. Ni jambo linalogusa bei ya tenga la nyanya, ubora wa dagaa na uwezo wa mchuuzi kurudi kijijini wiki inayofuata akiwa bado na mtaji.

Msafiri wa barabara ya Mwanza hadi Musoma na Sirari ameizoea picha hiyo. Lori limesimama kando ya barabara, matawi ya miti yametandazwa nyuma yake kama onyo, kichwa kimeinuliwa na mvuke unafuka. Utingo ametumwa na dumu kutafuta maji. Fundi akifika kwa bodaboda, hukumu hutolewa ndani ya dakika tano: rejeta imekufa. Mwenye lori hupigiwa simu, fedha hutumwa, na rejeta ya mtumba huanza kutafutwa Musoma mjini au Mwanza.

Mara nyingi hukumu hiyo hutolewa haraka mno. Rejeta hushtakiwa kwa sababu ndiyo inayoonekana ikitoa mvuke, wakati kosa linaweza kuwa la mkanda wa feni, kifuniko, themostati, pampu ya maji au gasketi ya silinda hedi. Hata pale rejeta yenyewe inapokuwa imepasuka kweli, mara nyingi kuna kitu kingine kilichoipasua. Fundi anayebadilisha rejeta bila kukitafuta kitu hicho humrudisha mwenye lori barabarani na ugonjwa ule ule, safari hii akiwa na deni.

Lori linapochemsha, fedha ya kwanza kutoka mfukoni inapaswa kulipia uchunguzi, na ya spea ifuate baadaye. Aidha, mwenye mzigo, ambaye ndiye anayeumia kuliko wote, ana haki ya kuuliza uchunguzi huo umefanywaje.

Hasara ya kubahatisha

Tuseme mfanyabiashara mdogo amenunua matenga 60 ya nyanya kwa Sh 30,000 kila moja na kukodi nafasi kwenye lori. Mtaji wake uliomo ndani ya lori ni Sh 1,800,000. Lori likikwama siku moja juani na theluthi moja ya nyanya ikaoza, ameshapoteza Sh 600,000. Zilizobaki zikilegea na kuuzwa kwa punguzo, hasara inakaribia nusu ya mtaji, bado hajalipa gharama za kufaulisha mzigo kwenye gari jingine. Takwimu hizi ni za mfano tu, lakini mchuuzi yeyote anaweza kuweka zake na kupata jibu linalofanana.

Sasa tuseme chanzo cha yote hayo kilikuwa kifuniko cha rejeta ambacho mpira wake umekauka. Hicho ni kitu kinachoshikwa kwa mkono mmoja, na bei yake ni ndogo kuliko bei ya matenga machache ya nyanya hizo. Lakini kwa kuwa fundi alibahatisha, imenunuliwa rejeta. Kifuniko cha zamani kikahamishiwa kwenye rejeta hiyo, na baada ya wiki mbili lori likachemsha tena mahali karibu na pale pale.

Mkoa wa Mara unayo kumbukumbu ya enzi ambayo kubahatisha namna hiyo kusingewezekana. Mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980, kupanda kwa bei ya mafuta duniani na vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979 viliiacha nchi bila fedha za kigeni za kutosha. Spea ziliadimika na malori yakawekwa juu ya mawe. Mwaka 1984 Serikali ilipowaruhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe, magari na spea vilianza kuingia tena, na biashara ya pamba ilipofunguliwa kwa watu binafsi mwaka 1994, mahitaji ya malori ya kukodi yaliongezeka.

Katika miaka ile ya uhaba, fundi hakuwa na njia ila kuchunguza na kutengeneza kilichokuwapo. Siku hizi spea hupatikana, na kwa sababu hupatikana, wengi wameacha kuchunguza. Ni rahisi kufungua boliti na kufunga kitu kingine kuliko kukaa nusu saa kujiuliza maji yamekwenda wapi.

Kwa nini maji huchemka upesi kandokando ya ziwa

Injini ya dizeli haigeuzi mafuta yote kuwa nguvu. Takriban robo hadi theluthi ya joto la mafuta hayo hubebwa na maji yanayozunguka ndani ya injini, na rejeta ndiyo hulipeleka joto hilo kwenye hewa. Ili kazi hiyo ifanyike, mambo manne lazima yawepo kwa pamoja: maji ya kutosha, mzunguko wa maji hayo, hewa inayopita katikati ya mapezi ya rejeta, na mgandamizo unaotunzwa na kifuniko. Kimoja kikikosekana, lori huchemsha, na rejeta ni sehemu tu ya mfumo huo.

Watu wengi huidhani rejeta kuwa tangi la maji. Mwaka 1900 Mjerumani Wilhelm Maybach alipobuni rejeta ya mfano wa sega la nyuki kwa ajili ya gari la Mercedes, aliiwekea vijibomba 8,070 vya kupitishia hewa. Nia yake ilikuwa maji kidogo yakutane na hewa nyingi. Rejeta za malori ya leo zina umbo tofauti, lakini kanuni ni ile ile. Rejeta iliyojaa maji hadi juu huku mapezi yake yameziba kwa vumbi haiwezi kupoza injini.

Suala la mgandamizo lina uzito wa pekee kwa wakazi wa Mara. Uso wa Ziwa Victoria uko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Katika kimo hicho, maji yaliyo kwenye sufuria wazi huchemka yakifika takriban nyuzi joto 96, wakati Tanga au Dar es Salaam hungoja hadi 100. Kifuniko kizima cha rejeta chenye alama ya 0.9, ambacho hutumika kwenye magari mengi ya Kijapani, huyabana maji yasichemke hadi yakaribie nyuzi 116. Kifuniko kikichoka, nafasi hiyo yote ya usalama hupotea.

Injini nyingi za aina hiyo hufanya kazi kwenye nyuzi kati ya 80 na 95. Maana yake ni kwamba lori lenye kifuniko kibovu, likiwa na mzigo na likipanda mlima mchana wa jua kali, linatembea likiwa limebakiza nyuzi chache mno kabla ya kuchemsha. Huko Pwani kifuniko hicho hicho kingeweza kuvumilia siku kadhaa zaidi.

Kwanza usalama

Kabla ya uchunguzi wowote, kuna makosa yanayogharimu injini na hata uhai. Kosa la kwanza ni dereva kuendelea kwenda akitumaini kufika kijiji kinachofuata. Kilometa chache za namna hiyo zinatosha kupinda silinda hedi au kuifanya injini inoki, na hapo hesabu huhama kutoka bei ya spea moja kwenda bei ya ovahoo nzima.

Kosa la pili ni kufungua kifuniko injini ikiwa bado ya moto. Maji yaliyobanwa yakiwa na nyuzi zaidi ya 100 hugeuka mvuke mara yanapopata upenyo, na kumuunguza usoni na kifuani aliyekishika. Inapasa kusubiri angalau nusu saa, mpaka hozi ya juu ishikike kwa mkono bila kuunguza na ikibonyezwa iwe laini. Baada ya hapo kifuniko hufunikwa kwa kitambaa kizito na kulegezwa taratibu hadi hatua ya kwanza.

Kosa la tatu ni kumimina maji ya baridi kwenye injini inayowaka moto. Chuma kilichotanuka kikipozwa ghafla kinaweza kupasuka. Maji huongezwa injini ikishapoa, na huongezwa kidogo kidogo.

Maji yamekwenda wapi?

Swali la kwanza la uchunguzi ni kama maji yamo au hayamo. Dereva asiitegemee geji peke yake. Kitambuzi chake hupima joto la maji yanayokizunguka, na maji yakiisha yote kitambuzi hubaki kwenye hewa na mvuke. Mshale unaweza kurudi upande wa baridi wakati injini inaungua. Mshale uliopanda kisha ukashuka ghafla ni dalili ya hatari kubwa.

Maji yakiwa yamepungua, swali la pili ni kama yametoka nje au yameingia ndani ya injini. Yaliyotoka nje huacha alama. Hozi iliyopasuka huonyesha mahali penyewe. Pampu ya maji iliyochoka hudondosha kupitia kitundu kidogo kilicho chini ya mhimili wake. Rejeta inayovuja pole pole huacha mistari ya kutu au ukoko mweupe au wa kijani kwenye mapezi. Boksi lililokunjuliwa na kutandikwa chini ya lori usiku kucha humwonyesha mwenye gari asubuhi ni sehemu gani inadondosha.

Maji yaliyoingia ndani nayo yana dalili zake. Oili kwenye kijiti cha kupimia hubadilika na kufanana na chai ya maziwa. Moshi mweupe mzito hutoka mfululizo hata injini ikishapata joto. Injini ikiwashwa ikiwa baridi na kifuniko kikiwa wazi, mapovu hutokeza mfululizo mdomoni mwa rejeta. Hozi ya juu hukakamaa dakika chache tu baada ya kuwasha, kabla maji hayajapata moto. Dalili hizo huelekeza kwenye gasketi ya silinda hedi au ufa ndani ya injini. Kununua rejeta katika hali hiyo ni kutupa fedha.

Maji yapo, lakini yanachemka

Maji yakiwa yamejaa na lori bado linachemsha, uchunguzi huhamia kwenye mzunguko na hewa. Mkanda wa feni ndio wa kwanza kutazamwa kwa kuwa kuuona hakuhitaji kufungua chochote. Ukikatika, feni husimama, na katika injini nyingi pampu ya maji husimama pamoja nayo. Ukilegea, huteleza lori linapopanda mlima na kuonekana mzima linaposimama.

Baada ya mkanda hufuata uso wa rejeta. Malori ya Mara hupita kwenye vumbi, mbegu za majani na nyuzi za pamba. Karibu na ziwa kuna pia wale wadudu wadogo wanaoruka kwa makundi kama moshi. Hupondwa kwenye mapezi, hukauka pamoja na vumbi na kuwa kama plasta. Dawa yake ni maji na brashi laini, yakipigwa kutoka upande wa injini kwenda nje ili uchafu utoke kwa njia ulioingilia. Kazi hiyo haihitaji spea yoyote.

Kisha hozi hulinganishwa. Ikiwa ya juu ni ya moto sana na ya chini ni baridi wakati injini inachemsha, maji hayazunguki. Ama themostati imegoma kufunguka, ama pampu haisukumi, ama vijibomba vya rejeta vimeziba kwa kutu na tope. Injini ikizimwa na feni kusimama, fundi anaweza kupapasa uso wa rejeta kwa tahadhari. Sehemu iliyo baridi katikati ya sehemu za moto ni sehemu ambayo maji hayapiti.

Themostati hupimwa kwa sufuria, maji na kipimajoto. Huning’inizwa kwa uzi ndani ya maji yanayopata moto bila kugusa kitako cha sufuria, na inapaswa kuanza kufunguka karibu na nyuzi zilizoandikwa juu yake, mara nyingi 76 au 82. Isipofunguka, imekufa.

Hapa kuna tabia ambayo imeota mizizi katika gereji nyingi, nayo ni kuing’oa themostati na kuitupa kwa madai kwamba nchi za joto haziihitaji. Injini isiyo na themostati huchelewa kupata joto lake la kazi, hula mafuta zaidi na huchakaa mapema. Katika baadhi ya injini, themostati ndiyo inayofunga njia ya mkato ambayo maji hupitia bila kufika kwenye rejeta. Ikitolewa, njia hiyo hubaki wazi, na sehemu ya maji ya moto hurudi ndani ya injini bila kupozwa. Lori lililokusudiwa kuponywa huchemsha zaidi.

Kilichopasuka kina historia

Uchunguzi ukionyesha kwamba rejeta yenyewe ndiyo iliyopasuka, kazi bado haijaisha. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa rejeta, kuziba ufa hakutoshi, ni lazima kuuliza nini kimeupasua.

Katika lori kuukuu linalopita barabara za vijijini, jibu huwa mara nyingi kwenye mipira. Mipira inayoishikilia rejeta ikiisha, kila shimo hutikisa rejeta moja kwa moja, na maungio ya tangi lake la juu na la chini huanza kuachia. Mipira ya kushikilia injini ikiisha, injini husogea mbele dereva anapokanyaga breki kwa nguvu au anapotumbukia kwenye korongo, na feni hukwaruza rejeta. Mkwaruzo wa duara kwenye mapezi ni ushahidi tosha. Kifuniko kisichoachia mgandamizo uliozidi nacho huweza kupasua rejeta dhaifu.

Maji yenyewe ni chanzo kingine. Madereva wengi hujaza yanayopatikana, yawe ya mtaroni, ya kisimani au ya ziwani. Maji ya mtaroni na ya ufukweni huingiza tope na majani. Maji ya visima vingi virefu yana chumvichumvi inayoganda ndani ya vijibomba kama ukoko ndani ya birika. Maji ya mvua yaliyokingwa kwenye bati safi ni bora kuliko hayo yote, lakini nayo hayazuii kutu. Dawa ya rejeta, ile inayoitwa kulanti, wengi huona ni ya nchi zenye barafu. Kwa lori la Mara faida yake kubwa ni kuzuia kutu na kuchelewesha kuchemka.

Kuhusu kuziba, rejeta za zamani za shaba huweza kuzibwa kwa risasi na fundi mwenye ujuzi. Zile za alumini zenye matangi ya plastiki hazizibwi kwa njia hiyo. Mbinu za njiani za kutia bizari, ugoro au yai ndani ya rejeta zinaweza kulifikisha lori kwenye gereji, lakini vitu hivyo huganda pia mahali pasipotoboka. Aliyezitumia anapaswa kuusafisha mfumo mzima mara afikapo, la sivyo atakuwa ameandaa kuchemsha kwa mwezi ujao.

Nafasi ya mwenye mzigo

Wapo watakaosema kwamba mwenye lori kuukuu hana faida ya kutosha kugharamia haya yote, na kwamba dawa ni kuyaondoa malori hayo barabarani. Hoja ya kwanza ina ukweli. Nauli ya mzigo wa vijijini ni ndogo, barabara ni mbaya, na lori jipya haliwezi kujilipa kwa kubeba mihogo. Lakini kwa sababu hiyo hiyo malori kuukuu hayawezi kuondolewa bila kuwaacha wakulima bila usafiri. Kilichobaki ni kuyatunza, na karibu vipimo vyote vilivyotajwa hapa vinahitaji macho, mikono, sufuria na subira.

Wengine watasema fundi wa njiani hana muda. Hata hivyo, muda anaouokoa kwa kubahatisha hulipwa na mtu mwingine ambaye hakuwapo kwenye mazungumzo yale: mchuuzi aliyekaa juu ya matenga yake, au mkulima anayesubiri lori lirudi kuchukua magunia yaliyobaki.

Mtu huyo hana budi kuanza kuuliza kabla mzigo haujapakiwa. Lori hili lilichemsha mara ya mwisho lini? Kilibadilishwa nini, na kwa nini? Themostati imo? Dereva anayejua gari lake atajibu bila kusita. Asiyejua majibu, au anayekasirishwa na maswali, ametoa jibu pia. Mwenye mzigo anaweza vilevile kuomba kuona dumu la lita 20 la maji safi, mkanda wa akiba na hozi moja yenye vibano vyake. Lori lisilo na vitu hivyo linaanza safari kwa kubahatisha.

Vyama vya ushirika vya msingi, AMCOS, vina nguvu zaidi ya mkulima mmoja mmoja. Chama kinachokodi malori msimu mzima kinaweza kuandika kwenye makubaliano kwamba lori hukaguliwa asubuhi injini ikiwa baridi: maji, kifuniko, mkanda, hozi, mapezi na matone chini. Kinaweza pia kuandika ni nani atakayelipa gharama za kufaulisha mzigo iwapo lori litakwama. Mwenye lori akijua gharama hiyo ni yake, atakagua kifuniko mwenyewe bila kukumbushwa.

Pampu ya mkono ya kupimia mgandamizo wa rejeta na vifuniko ni kifaa kidogo ambacho gereji nyingi za vijijini hazina. Mafundi wachache wakiungana, au AMCOS ikichangia, kinaweza kununuliwa na kutumiwa na wengi. VETA, yenye chuo mjini Musoma, inaweza kuandaa mafunzo mafupi ya uchunguzi wa mfumo wa kupoza kwa mafundi waliojifunza kazi gerejini, wakati wa miezi ambayo malori hayana kazi nyingi. Tume ya Ushindani, yenye jukumu la kupambana na bidhaa bandia, nayo ielekeze macho kwenye spea ndogo kama vifuniko na themostati, kwa kuwa kifuniko bandia huiua injini ile ile ambayo kingeilinda.

Mafundi nao wanastahili kulipwa kwa kuchunguza. Katika gereji nyingi fundi hulipwa kwa kufunga spea, na akigundua kwamba tatizo ni mkanda uliolegea huondoka na fedha ya soda. Kwa utaratibu huo, fundi mwaminifu ndiye anayepata kidogo kuliko wote. Wenye malori wa Bunda, Butiama na Musoma wakikubali kuweka bei ya uchunguzi peke yake, inayolipwa hata kama hakuna kilichobadilishwa, rejeta nyingi zitabaki kwenye malori yake, na nyanya nyingi zitafika sokoni zikiwa bado ngumu.